Miezi Sita ya Kwanza: Hotuba kwa Wazazi kuhusu Kumwandikisha Mtoto

Chifu wetu, naibu wa chifu, wazee wa mtaa, maimamu na wachungaji mliofika, wakunga, wahudumu wa afya wa jamii, akina mama na akina baba: asalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Najua wengi mmekuja mkitarajia habari za basari, na hizo zitafuata. Lakini hata fomu ya basari ina mahali pa kuandika nambari ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kwa hiyo hatujatoka njiani. Mimi ni msaidizi wa kisheria. Kazi yangu ni kukaa na watu waliokwama baina yao na ofisi, na nikiyatazama mafaili ninayoletewa, mengi yangemalizika pale pale wodini, mtoto angali mchanga, kama kuna mtu angemwambia mzazi mambo machache. Leo nimekuja kuyasema hayo machache.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 149 ya Sheria za Kenya. Ni ya zamani, ya mwaka 1928, na mkoloni alipoanza kuandikisha watoto hakuwa na haja na mtoto wa Mwafrika. Wazungu ndio waliolazimika kwanza, Wahindi wakafuata. Sisi tulingoja mpaka mwaka 1971 ndipo usajili ukawa wa lazima kwa kila mtu nchi nzima. Ndiyo sababu ukimwuliza nyanya yako alizaliwa lini, atakutajia njaa au mvua kubwa, na tarehe iliyo kwenye kitambulisho chake ni ya kukisia. Hakuwa mzembe. Hakuna aliyemjia na kitabu.

Mtoto wa leo hana udhuru huo, na sisi wazazi wake hatuna. Sheria inataka kila mtoto anayezaliwa katika ardhi ya Kenya aandikishwe ndani ya miezi sita tangu siku ya kuzaliwa. Wajibu huo umewekwa juu ya baba na mama, wote wawili. Wasipokuwepo au wasipofanya, unamwangukia mwenye nyumba alimozaliwa mtoto, kila aliyekuwepo wakati wa uzazi, na yeyote anayemlea. Kwa hiyo mkunga aliyempokea mtoto naye ana wajibu. Shangazi aliyeachiwa mtoto naye ana wajibu. Asiseme mtu kwamba hayo ni mambo ya mamake. Na juu ya sheria hiyo iko Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inayosema kila mtoto ana haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa. Haki hiyo ni ya mtoto. Mzazi amewekewa amana tu.

Kwa nini miezi sita? Si kwa sababu serikali inapenda kuharakisha watu. Ni kwa sababu katika miezi hiyo ushahidi wote bado uko karibu. Nesi aliyekuzalisha bado yuko hospitali ile ile. Daftari la wodi bado liko mezani. Mkunga bado anakumbuka kwamba ilikuwa alfajiri ya Jumanne. Baba bado yupo, hajasafiri, hajagombana na mtu. Mpe mtoto huyo miaka saba, halafu uniambie ni wangapi kati ya hao utawapata. Sehemu kubwa ya taabu ninayoiona kwenye usajili ni taabu ya kutafuta mashahidi waliotawanyika.

Sasa tuifuate karatasi yenyewe.

Ukijifungulia hospitali au zahanati, ya serikali au ya binafsi, anayekusajili ni yule yule mhudumu wa afya. Anajaza fomu inayoitwa B1. Itazameni vizuri fomu hiyo, maana kila kitu kinaanzia hapo. Inataka jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, mahali alipozaliwa, na kama amezaliwa peke yake au ni pacha. Pacha kila mmoja ana fomu yake. Kisha inataka jina la baba, jina la mama, umri wa mama, watoto aliozaa kabla ya huyu, kama ameolewa, na kiwango chake cha masomo. Chini kabisa kuna kipande kinachokatwa ukapewa wewe. Nyote mnakifahamu kile kikaratasi.

Nataka tukae kidogo kwenye jina, kwa sababu hapa Pwani jina ndilo linalotuumiza zaidi. Mama ametoka chumba cha upasuaji, kichwa kizito, anaulizwa jina la mtoto. Anajibu: Khadija. Nesi anaandika Hadija, maana ndivyo alivyosikia. Mwingine anasema Mwanajuma, linaandikwa kama maneno mawili. Kadzo linapoteza herufi ya z. Jina la babake mama, ambalo kwenye kitambulisho ni Athuman, kwenye fomu linakuwa Othman. Wakati ule ni herufi moja tu, nani ataishughulikia? Lakini fomu hiyo ndiyo inayonakiliwa kwenye rejista, rejista ndiyo inayonakiliwa kwenye cheti, cheti ndicho kinachonakiliwa shuleni, na miaka kumi na minane baadaye binti anasimama kwenye dirisha la kitambulisho akiwa na majina mawili ambayo karani hakubali kwamba ni mtu mmoja.

Kwa hiyo, mama, fika hospitali na kitambulisho chako cha taifa na nakala ya kitambulisho cha baba. Viweke kwenye mkoba ule ule wenye kanga na nguo za mtoto. Jina la mtoto liandike mwenyewe kwenye karatasi kwa herufi kubwa, umpe nesi anakili. Na kabla hujatia sahihi au dole gumba, omba usomewe kila kitu, au usome mwenyewe. Nesi atakuwa na haraka, ana wagonjwa wengine. Mwombe kwa adabu, na usiondoke kabla ya kusomewa.

Hapo huwa naulizwa swali moja na familia za Kiislamu, na pia na wazee wetu wa Kimijikenda: vipi ikiwa mtoto hajapewa jina? Akika, sherehe ya Kiislamu ambapo mtoto hupewa jina, ni siku ya saba, au babu anayestahili kulitaja jina bado hajafika, na mama anaruhusiwa kwenda nyumbani siku ya pili. Sheria imelifikiria hilo. Mtoto aliyeandikishwa kabla ya kupata jina, au aliyebadilishwa jina baadaye, mzazi anaweza kwenda kwa msajili ndani ya miaka miwili tangu usajili, akalipa ada, akaonyesha ushahidi, na jina likaingizwa. Lakini nawashauri msiutegemee mlango huo. Kaeni mzungumze mimba ikiwa ya miezi saba au minane. Mkiwa na jina la kike na la kiume tayari, mmejiondolea safari za ofisini, na akika bado itafanyika kwa furaha yake.

Ukijifungulia nyumbani, anayekusajili ni naibu wa chifu wa eneo alikozaliwa mtoto. Nenda na kitambulisho, kitabu cha kliniki cha mama na mtoto, na ikiwezekana mkunga au mtu aliyekuwepo. Atajaza fomu ile ile na kukupa kipande kile kile. Na niseme hili mbele yake, naye amekaa hapa na ataniunga mkono: kuarifu kuzaliwa kwa mtoto ndani ya miezi sita hakulipiwi. Hakuna pesa ya karatasi, hakuna pesa ya kalamu wala ya soda.

Baada ya hapo ndipo wengi wetu huketi tukadhani tumemaliza. Kile kikaratasi kinawekwa kwenye kitabu cha kliniki, kinakunjwa, kinaloa, mtoto mkubwa anakichorea. Ndugu zangu, kikaratasi hicho si cheti. Kinaonyesha tu kwamba habari za mtoto zimepokelewa. Cheti unakiomba mwenyewe, siku hizi kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ukiambatisha picha ya kikaratasi na vitambulisho vya wazazi, na usiyeweza kutumia simu unakwenda Huduma Centre au ofisi ya msajili wa kaunti ndogo ukasaidiwa. Kwa miaka mingi ada ilikuwa shilingi 50, na tangu 2024 imekuwa shilingi 200, ukiongezea ada ndogo ya mtandao. Anayekuita nje ya lango la ofisi akikuahidi cheti cha haraka kwa elfu tatu, mpite. Wengine wameletwa kwangu na vyeti vya namna hiyo, na vilipotafutwa kwenye rejista havikuwepo. Na kumbukeni kwamba kutoa habari za uongo kwa msajili ni kosa la jinai, kwa hiyo anayeshtakiwa anaweza kuwa mzazi, na yule wa langoni keshabadilisha laini ya simu.

Sasa nisemee jambo la akina baba, nalo nitalisema polepole.

Kifungu cha 12 cha sheria hii kilisema kwamba jina la baba wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa lisiingizwe kwenye rejista, ila kwa ombi la baba na mama pamoja, au mama akitoa ushahidi kwamba waliwahi kuoana. Maana yake ilikuwa hivi: mwanamume akikataa kuja ofisini, basi mtoto hana baba kwenye karatasi. Pale penye nafasi ya baba palijazwa alama za X. Mtoto alibeba hizo X shuleni, kwenye mtihani, kwenye kitambulisho, na kila karani aliyekishika cheti alijua habari za nyumba yao. Mama mmoja alilipeleka jambo hili Mahakama Kuu ya Nairobi, na mwaka 2016 Jaji Mumbi Ngugi akaamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Kinambagua mtoto kwa sababu ya hali ya wazazi wake, ilhali Katiba inasema baba na mama wana wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au hawajaoana. Jina la baba linaweza kuingizwa bila kungoja ridhaa yake. Anayetajwa akiona amesingiziwa, mahakama ziko wazi, na vipimo vya DNA vipo.

Uamuzi huo una umri wa miaka mingi sasa, na bado naletewa akina mama walioambiwa dirishani, "Nenda ukamlete mwenyewe." Ukiambiwa hivyo, usirudi nyumbani ukalia. Omba kuzungumza na msajili mkuu wa ofisi ile, uutaje uamuzi wa 2016, na ukishindwa njoo kwetu. Nawaambia akina mama vilevile, kwa heshima: usimtaje mtu usiyekuwa na hakika naye, kwa hasira wala kwa sababu ana mali. Unayemwandikia historia hapo ni mtoto. Na kwa akina baba: ukienda mwenyewe na kitambulisho chako mkononi, hakuna kesi, hakuna DNA, hakuna aibu ya mtu. Ni kazi ya asubuhi moja.

Kuna wanaoniuliza, cheti ni cha nini, mtoto si anakula na kucheza? Jibu la kwanza mnalijua: shule, mtihani, pasipoti, kitambulisho, bima ya afya ya familia. Hayo sitayarefusha. Nataka niseme jibu ambalo halisemwi kwenye mabaraza, kwa kuwa watu hulionea haya.

Chini ya cheti cha kuzaliwa kuna maandishi madogo. Yanasema kwamba nakala iliyothibitishwa kwa muhuri wa msajili inapokelewa kuwa ushahidi wa tarehe na mambo yaliyomo, bila kuhitaji uthibitisho mwingine. Mahakamani maneno hayo ni mazito. Chukueni msichana aliyenajisiwa. Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 inapanga adhabu kwa umri wa mtoto. Akiwa na miaka kumi na mmoja au chini yake, adhabu ya mkosaji ni kifungo cha maisha. Akiwa kati ya kumi na miwili na kumi na mitano, ni miaka isiyopungua 20. Akiwa kumi na sita hadi kumi na minane, isiyopungua 15. Kwa hiyo upande wa mashtaka lazima uthibitishe umri. Penye cheti, kinawekwa mezani na kesi inasonga. Pasipo na cheti, mtoto anapelekwa kwa daktari atazamwe meno na mifupa, na daktari anaandika makisio: kati ya kumi na minne na kumi na sita. Wakili wa upande wa pili anasimama juu ya neno "kati". Mama anaulizwa tarehe ya kuzaliwa mbele ya watu wote, anajikanganya kwa woga, na yeye ndiye anaonekana mwongo. Mahakama inaweza kukubali ushahidi mwingine, ni kweli, lakini kwa nini mtoto aliyeumizwa apitishwe hapo?

Na kabla ya mahakama: Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema ndoa ni kuanzia miaka 18. Mjomba anayetaka kumwoza binti wa miaka kumi na mitano atasema, "Huyu ni mtu mzima, mtazameni." Bila karatasi, mnabaki kumtazama. Kwa karatasi, mwalimu, chifu au nyanya wa kawaida ana kitu cha kushika mkononi. Mnaolea wasichana, hili lichukueni mwende nalo nyumbani.

Waliochelewa nao wasikate tamaa. Miezi sita ikipita, mtoto bado anaandikishwa, ila inahitajika idhini ya maandishi ya Msajili Mkuu, na kwenye kaunti ndogo hiyo huitwa usajili wa kuchelewa. Utaombwa kitabu cha kliniki au kadi ya chanjo, barua ya chifu, barua ya shule, cheti cha ubatizo kwa Wakristo, vitambulisho vya wazazi, na ada ni kubwa zaidi. Anza mapema, usingoje mwezi ule shule zinapoandikisha watahiniwa, maana ofisi hujaa mpaka barabarani.

Kundi lingine ni la wazazi wasio na vitambulisho. Huogopa kumwandikisha mtoto wakidhani watakamatwa. Pwani hii tunalijua jambo hili kuliko watu wa bara. Wamakonde wa Kwale waliishi hapa vizazi kadhaa bila karatasi, mpaka Oktoba 2016 walipotembea kwa miguu kuelekea Nairobi, ndipo wakatambuliwa. Wapemba wa Kilifi na Kwale, wavuvi walioijua bahari hii kabla ya uhuru, walingoja hadi 2023. Miaka yote hiyo ukosefu wa karatasi ulirithishwa kama shamba: babu hana, baba hana, mtoto hana. Kwa hiyo mjue tofauti hii. Usajili wa kuzaliwa ni wa kila mtoto aliyezaliwa Kenya, awe wa raia, wa mkimbizi, au wa mtu asiye na nchi. Cheti peke yake hakimpi mtu uraia. Uraia wa kuzaliwa, kwa kifungu cha 14 cha Katiba, unatoka kwa baba au mama aliye raia, yeyote kati yao, na haijalishi mtoto amezaliwa wapi. Lakini cheti ndicho kinachoonyesha mtoto huyu ni wa nani, na bila hicho hata aliye raia hana pa kuanzia.

Hapo wanaingia mabinti zetu walioko Ghuba. Mtoto wa Mkenya aliyezaliwa Saudi Arabia ni Mkenya. Taabu ni kwamba kule hospitali hutaka cheti cha ndoa, na asiye nacho huogopa hata kufika, akajifungulia chumbani, mtoto akawa hana karatasi ya nchi yoyote. Ukiwa na binti, dada au mpwa katika hali hiyo, msimfiche na msimtukane kwenye simu. Mwambieni afike ubalozini kwetu, na ninyi huku mkusanye nakala ya kitambulisho chake na cheti chake mwenyewe cha kuzaliwa. Karatasi za mama ndizo zitakazomleta mtoto nyumbani.

Machache ya haraka, maana jua limepanda. Mtoto aliyezaliwa hai kisha akafariki, hata baada ya saa moja, anaandikishwa kuzaliwa na kufa pia. Ni uchungu kufanya hivyo, lakini alikuja duniani, na sheria inamtambua. Mtoto aliyeokotwa aripotiwe polisi na ofisi ya watoto mara moja, asifichwe kwa wema. Katiba inamhesabu kuwa raia wa kuzaliwa mtoto aliyekutwa Kenya akionekana hajafika miaka minane na wazazi wake hawajulikani, na usajili wake una njia yake. Mtoto aliyezaliwa huntha, yaani ambaye maumbile yake si ya kike wala ya kiume waziwazi, naye ana nafasi yake: Sheria ya Watoto ya 2022 imeruhusu jinsia yake iandikwe hivyo alivyo, kwa hiyo mkunga au nesi asilazimishe kuandika mvulana au msichana.

Naibu wa chifu amekuja na kitabu cha B1 na wino wa dole gumba. Wenye watoto walio chini ya miezi sita waliojifungulia nyumbani, pangeni foleni upande ule wa madarasa, mama wenye vichanga mgongoni mbele. Mliojifungulia hospitali na mna vikaratasi bila cheti, njooni kwangu na kijana wa kompyuta tuwaombee cheti sasa hivi, mradi una kitambulisho au picha yake kwenye simu. Waliochelewa, leo tutaandika majina yenu na karatasi mnazokosa, kila mmoja aende akijua anatafuta nini. Akina baba, naona wengine mnaelekea kwenye pikipiki. Tafadhali rudini, sahihi zenu zinahitajika hapa.

Ahsanteni. Tuanze na vichanga.